Michembe Chini ya Kitanda

Oktoba ikifika, makondakta wa mabasi ya Kahama hawana haja ya kuuliza kilichomo ndani ya viroba. Wanajua kwa kushika. Mchele hutiririka, karanga hugongana, michembe hukwaruza kiganja hata kwa nje ya kiroba. Mdomo umeshonwa kwa uzi wa katani, na ubavuni kumeandikwa kwa maka peni jina la mwanafunzi, namba yake ya simu, kisha namba ya pili ya mjomba aliyeko Mbagala au Kimara, kwa sababu mama hana imani kwamba simu ya kijana itakuwa na chaji siku mzigo utakaposhuka. Kutoka hapo ni Nzega, Igunga, Singida, Dodoma, Morogoro, karibu kilomita elfu moja, mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis.

Vyuo vikuu vyetu hufungua kati ya Oktoba na Novemba, na kwa mtoto wa Ushetu huo ni wakati mzuri wa kuondoka nyumbani. Kiangazi chote viazi vitamu vimekuwa vikimenywa, vikikatwa na kuanikwa juani. Mpunga umeshakobolewa. Karanga ziko ghalani. Angeitwa chuoni Februari angeondoka mikono mitupu, maana Februari ni mwezi wa palizi, na nyumba nyingi zimeshaanza kununua unga.

Kwa msomaji wa Tanga au Lindi inabidi nieleze. Michembe ni viazi vilivyoachwa vinyauke, vikamenywa na kukatwa vipande vikiwa vibichi, kisha vikakaushwa. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Michembe huirudisha jikoni, ukaichemsha na kuila na karanga, na chai au na maziwa ya mgando. Matobolwa unaweza kuyatafuna hivyo hivyo ukiwa njiani, kama meno yako bado unayaamini. Vyote viwili vilibuniwa na watu walioijua njaa ya mwezi wa pili na hawakutaka kukutana nayo tena. Nadhani ndiyo maana vinafaa sana kwa mwanafunzi, kwa kuwa naye ana mwezi wake wa pili. Huwa ni ile wiki kabla pesa ya Bodi ya Mikopo haijaingia.

Pesa hiyo wanafunzi wanaiita bumu. Kwa miaka hii posho ya chakula na malazi imekuwa shilingi 10,000 kwa siku kwa anayepata mkopo, na hutolewa kwa mkupuo, kwa hiyo huliwa pia kwa mkupuo. Bumu likichelewa, watu hupiga pasi ndefu: unaruka chai, unaruka chakula cha mchana, unakutana na sahani jioni. Hapo ndipo kiroba cha chini ya kitanda kinapopanda cheo. Mwezi wa kwanza kilikuwa aibu. Kilisukumwa mpaka ukutani, kikafunikwa na begi, ili yule mwenzako wa chumba aliyetoka Rombo au Newala asikione. Mwezi wa pili yule yule wa Rombo anachungulia na kuuliza, "Hiki ni chakula au mbao?" Mwezi wa tatu anajua kukichemsha kwenye hita ya umeme iliyokatazwa na uongozi wa hosteli, na anaomba upige simu kwenu viletwe vingine.

Watu wakizungumzia kukumbuka nyumbani huwaza vitu: picha ya mama, kanga, udongo wa kwao. Nimewaangalia sana vijana wa ukanda wetu walioko vyuoni, na naona vitu vina kazi ndogo. Michembe iliyolala peke yake kwenye kiroba haimkumbushi mtu chochote zaidi ya kwamba yuko mbali. Inaanza kuwa nyumbani siku mtu mwingine anapoitia mdomoni na kuitolea maneno, hata yakiwa ya kejeli.

Halafu kuna swali linalomkuta kila mgeni kabla hajapewa hata ufunguo wa chumba: kwenu wapi?

Kwa kijana wa Ushetu swali hili halina jibu moja. Akiwa Nyamilangano, yalipo makao makuu ya halmashauri, atasema anatoka Ulowa, au Bulungwa, au Uyogo. Akifika Kahama mjini atasema Ushetu. Akifika Dodoma atasema Kahama, kwa kuwa ameshajaribu kusema Ushetu na kuulizwa kama iko Malawi. Halmashauri yenyewe ilimegwa kutoka Kahama mwanzoni mwa miaka ya 2010, na Watanzania wengi waliisikia kwa mara ya kwanza Agosti 2021, alipofariki Elias Kwandikwa, aliyekuwa mbunge wa Ushetu na Waziri wa Ulinzi, jina hilo likatajwa kwenye taarifa za habari za nchi nzima. Huko Dar es Salaam, Kahama nayo hufifia. Anayeuliza anataka mkoa, basi unasema Shinyanga. Akishasikia Shinyanga anahitimisha mwenyewe: "Ahaa, Msukuma." Kama wewe ni Msumbwa au Mnyamwezi wa Ukune, una sekunde mbili za kuamua kama inafaa kubishana. Wengi hawabishani, na mpaka wanafika mwaka wa tatu wameshakuwa Wasukuma kweli, wanaitana ng'osha kwenye korido na kuamkiana "mwangaluka" hata saa nane mchana, wakati wa mwadila.

Wapo wanaoona huku ni kupotea. Mimi naona ni kinyume chake. Nyumbani kunapanuka kadiri mtu anavyokwenda mbali, na kila hatua ya safari inawaingiza ndani watu ambao jana walikuwa wageni. Pale Kahama stendi, mtu wa Maswa si wa kwenu. Pale chuoni Mlimani ni ndugu.

Na jambo hili halikuanza na vyuo. Katika karne ya kumi na tisa vijana wa nchi hizi hizi walikuwa wakiondoka baada ya mavuno kwenda Pwani, wakiwa wamebeba pembe za ndovu mabegani, na kurudi kuwahi mvua. Walipoondoka walikuwa watu wa watemi mbalimbali: huyu wa Unyanyembe, huyu wa Ukune, yule wa Usumbwa, na baadhi ya watemi hao walikuwa wakipigana vita. Watu wa Pwani hawakuwa na muda wa kujifunza majina hayo yote. Kwao wote walikuwa Wanyamwezi. Wanahistoria wengi wanaona kwamba jina hilo lilishika Pwani kabla ya kushika bara. Wapagazi walilikuta Bagamoyo, wakalivaa, wakarudi nalo. Kwa maana hiyo watu wengi wa Unyamwezi walianza kuwa Wanyamwezi wakiwa safarini, miguu ikiwa na malengelenge, mbele ya mtu aliyewauliza kwenu wapi.

Leo pale pale Bagamoyo kuna chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho sasa kinaitwa TaSUBa, na miongoni mwa ngoma zinazofundishwa huko ni bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma. Kijana wa kanda ya ziwa akienda kusoma huko anaweza kujikuta amepanga foleni na wenzake wa Mtwara na Iringa, akisahihishwa namna ya kurusha jembe. Kijijini kwao hakuna aliyemfundisha. Aliiona kwa wakubwa shambani, akaidharau kama mambo ya kizamani, akawasha simu. Bagamoyo anaipigia jasho na kuitafutia alama. Sijui kama kuna njia nyingine ya kumfanya kijana wa miaka ishirini aiheshimu ngoma ya babu yake zaidi ya kumwekea mtihani.

Ukumbusho wenye nguvu kuliko vyote, hata hivyo, wapagazi waliuacha njiani bila kuuandika popote. Ni utani. Wanyamwezi na Wasukuma ni watani wa Wazaramo, na wanasema ni ule ule urafiki wa njia ya misafara: watu waliokutana mara nyingi, wakiwa na kila sababu ya kuogopana, wakaamua kutukanana kwa kicheko ili wasije wakapigana. Mtani ana haki ya kukuchukulia kitu, ya kukukejeli mbele za watu, na ana wajibu wa kuja msibani kwako. Sasa chukua msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Chambo, amefika Dar es Salaam wiki iliyopita, hamjui mtu, amekaa kwenye benchi la mama lishe nje ya geti la chuo. Mama lishe ni Mzaramo wa Kisarawe. Anamsikia anavyotamka.

"Wewe mtani wangu wewe. Ugali huo utakutosha, au nikuletee na sufuria?"

"Lete tu, mama. Watu wa mdundiko hamjui kushiba nyie, mnashiba ngoma."

"Haya! Kumbe una mdomo. Nani kakuruhusu uje kutumalizia unga?"

Benchi zima linacheka. Msichana anaongezewa mchuzi bila kuomba, na siku bumu litakapochelewa atakopeshwa, kwa sababu mtani humkopeshi kwa kumwangalia sura bali kwa kumtukana kwanza. Hakuna ofisi ya ushauri wa wanafunzi inayoweza kufanya kazi hiyo kwa bei hiyo. Tena fikiria: kilichomkumbusha nyumbani si mtu wa kwao hata kidogo. Ni mgeni aliyerithi nafasi ya kumchokoza.

Vyuo vyetu havina vyama vya kabila, na ni vizuri. Taifa hili lilijengwa kwa kuwachanganya watoto kwenye shule za bweni, mtoto wa Kagera akapelekwa Songea na wa Songea akapelekwa Tabora, na baadaye kwa kuwapeleka JKT, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013 kwa waliomaliza kidato cha sita. Ukibandika tangazo Mlimani kwamba Wasukuma wote wakutane Jumamosi, utaitwa ukajieleze. Lakini maji hutafuta mwanya. Mtoto wa Ushetu aliyelelewa kwenye Kanisa la AIC, lile lililoanza Nassa, kando ya ziwa, mwaka 1909 na kuenea Usukuma mzima, akipangiwa kusoma DUCE atagundua kwamba chuo chake kiko Chang'ombe, na Chang'ombe kuna usharika wa AIC wenye kwaya inayojulikana nchi nzima. Jumapili ya kwanza anakwenda kwa ajili ya ibada. Jumapili ya pili anakwenda kwa ajili ya nje ya ibada, pale watu wanaposimama wakisalimiana, akina mama wanashika mkono mmoja kwa mikono miwili, wanapiga goti kidogo, na mzee fulani anamuuliza anatoka upande gani wa Kahama. Waislamu na Wakatoliki wana njia zao kama hizo. Hakuna aliyesema neno kabila. Wote wanajua wamekuja kutafuta nini.

Lakini Morogoro, kwa maoni yangu, ndiyo inayomshangaza mtu wa Ushetu kuliko Dar es Salaam.

Kwanza harufu. Kata za kusini za Ushetu ni nchi ya tumbaku ya mvuke. Kitalu hupandwa mwishoni mwa kiangazi, miche huhamishwa mvua zikianza, na kuanzia Januari majani huchumwa na kukaushwa ndani ya mabani, moto ukilindwa usiku na mchana. Watoto wa nyumba hizo hulala wakinusa bani. Ada ya shule, sare, godoro la kwendea bweni, vyote hutoka kwenye mzigo uliopimwa chama cha msingi, na mwaka ambao malipo yamechelewa nyumba nzima hutembea kwa ncha za vidole. Sasa tumbaku hiyo ikishanunuliwa husafirishwa mpaka viwanda vya kusindika vya Morogoro. Inapita barabara ile ile ya Nzega na Singida. Mwanafunzi wa Sokoine au Mzumbe anayekatiza karibu na viwanda hivyo msimu wa kazi anapigwa na ile harufu tamu yenye ukali puani, na kwa dakika moja hayupo Morogoro tena. Yuko nyuma ya nyumba, anaambiwa aongeze kuni. Wengine wanaichukia harufu hiyo, na wana haki. Ilikula misitu yao ya miyombo na likizo zao zote.

Halafu darasani. Anayesoma misitu au kilimo Sokoine, mapema au baadaye atafika kwenye mada ya urejeshaji wa ardhi iliyochakaa, na mfano utakaotolewa ni Shinyanga. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwenye mkoa uliokuwa umeanza kuitwa jangwa la Tanzania. Vichaka vilikuwa vimefyekwa tangu ukoloni ili kuwafukuza mbung'o, pamba ikapanuka, mifugo ikaongezeka, miti ikaisha. Maofisa hawakufanikiwa kwa kitu kipya. Walikwenda kuuliza wazee, wakaambiwa habari za ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza, isiguswe na ng'ombe mpaka kiangazi kikali. Kila mtoto wa mfugaji anaijua, kwa kuwa amechapwa kwa kuingiza ndama humo. Hadi mradi unafungwa mwaka 2004, zaidi ya hekta laki tatu zilikuwa zimerudishiwa uoto kwa njia ya ngitili, na wataalamu wa nchi nyingine wakaja kujifunza.

Kijana anayasoma haya kwa Kiingereza, yakiwa na majedwali na michoro. Mhadhiri wa Kilimanjaro analitamka neno ngitili vibaya, na yeye, ambaye tangu Oktoba hajawahi kunyoosha mkono, ananyoosha mkono. Wapo waliopata mada zao za utafiti siku hiyo. Wenzao wa Chuo cha Madini Dodoma hukutana na jambo la namna hiyo hiyo kwenye ramani: ule ukanda wa miamba yenye dhahabu unaotoka Kahama kuelekea Geita, miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, wanajiolojia wa dunia nzima wanauita kwa jina la Usukuma. Yule aliyekuwa akimpelekea kaka yake chakula kwenye maduara, akisikia karasha likisaga mawe mchana kutwa, anaambiwa sasa kwamba alikuwa amekanyaga sura ya kitabu.

Hili la kukutana na kwenu darasani lina uchungu wake pia. Unaona kwamba jambo ulilokuwa ukilijua tangu utotoni halikuhesabiwa kuwa elimu mpaka lilipoandikwa na mtu mwingine. Baadhi ya vijana huishia kwenye hasira. Wengine hupiga simu nyumbani na kumuuliza baba, kwa mara ya kwanza maishani, ngitili yetu ilifungwa mwaka gani, na nani alipanga mipaka. Baba anashangaa anaulizwa na msomi.

Wanaosoma karibu hawana raha hizi. Kuna vijana wa Ushetu wanaosoma Kizumbi, pale Shinyanga, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Ushirika, na wengine kwenye vyuo vya afya na ufundi vya Kahama mjini. Unaweza kudhani ndio wenye bahati. Lakini nyumbani kwao hakujawaachia. Ijumaa inaingia simu kwamba kuna mavuno, kuna mgonjwa, kuna ng'ombe wa kupeleka mnadani, wewe uko karibu, panda mchomoko uje. Jumatatu wanarudi darasani na vumbi la shambani kwenye visigino. Aliye karibu hana nafasi ya kukumbuka, anaishi kwenye vyote viwili na kuchoka kwa vyote viwili.

Simu imewasogeza hata walioko mbali kwenye hali hiyo. Wazazi wetu walipokuwa vyuoni, barua ilichukua wiki nyingi kupitia sanduku la posta la parokia au la chama cha msingi, na ilipofika ilikuwa na mistari ileile: sisi hatujambo, hofu ni kwako wewe, mvua imenyesha, fulani ameoa. Msiba uliwafikia umeshazikwa. Leo kundi la ukoo kwenye WhatsApp linaamka kabla ya wewe kuamka. Unajua ndama amevunjika mguu, unajua shangazi hajamsamehe baba mdogo, unajua nani kaomba mchango na nani kajifanya hajauona. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, pesa nazo zinakwenda na kurudi kwa dakika, na mwanafunzi mwenye bumu anaombwa na nyumbani kama vile yeye anavyoomba nyumbani. Ninachokiona ni kwamba simu inaleta matatizo ya nyumbani vizuri sana. Nyumbani kwenyewe haiwezi kukuweka kwenye kioo. Harufu ya mvua ya kwanza Novemba, uyoga unaookotwa miyomboni asubuhi yake, mama yako akiimba bila kujua kwamba unamsikia, hivyo hakuna aliyefanikiwa kuvituma.

Sasa mtoe kijana huyu nje ya Tanzania kabisa, kwa sababu ndipo hoja yangu inapojaribiwa.

Mwaka 1943 Julius Nyerere alifika Makerere, Uganda, akitokea Tabora, shule iliyo jirani tu na Ushetu kwa hesabu za kikwetu. Alikuwa Mzanaki, kabila dogo ambalo wenzake wengi walikuwa hawajapata kulisikia. Angewangoja Wazanaki wengine ili asiwe mpweke angengoja sana. Mwaka huo huo yeye na wenzake, akiwamo Andrew Tibandebage, Mhaya, na Hamza Mwapachu wa Tanga, wakaunda chama cha wanafunzi wa Tanganyika cha kutazamana hali. Tanganyika yenyewe wakati ule ilikuwa mipaka iliyochorwa na wakoloni, na wakulima wengi wa Butiama au Bukoba hawakuwa na sababu ya kujiita kwa jina hilo. Kampala, kwa vijana wachache walio mbali na kwao, ikawa na sababu. Alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa masomo ya miaka mitatu, hata Watanganyika wa kutosha hawakuwapo. Mwafrika yeyote alikuwa wa kwao. Mwenye kutaka kujua Umajumui wa Afrika ulipikwa wapi, asiache kuangalia mabweni.

Waliopo ughaibuni leo, Uturuki, India, China au Marekani, wanapita njia hiyo hiyo bila kuunda chama. Kijana aliyekuwa akibishana Mlimani kwamba yeye ni Msumbwa na si Msukuma, akifika ng'ambo anaruka kwa furaha kumsikia Mkenya akizungumza kwenye basi, na kile Kiswahili cha Nairobi alichokuwa akikicheka kwenye YouTube kinamtoa machozi. Ugali anausonga kwa semolina, mchicha ni spinachi, dagaa wanatoka kwenye duka la Mghana. Mkongo wa Bukavu anamwita ndugu. Ukimtazama vizuri, hapo mezani hakuna chakula hata kimoja cha Ushetu. Yeye mwenyewe hajagundua.

Safari ya kurudi inavua nguo hizi moja moja. Kwenye uwanja wa ndege wa Dar es Salaam si Mwafrika tena wala si Mtanzania, maana wote pale ni Watanzania. Ni mtu wa Shinyanga anayeuliza mabasi. Kahama ni mtu wa Ushetu anayetafuta mchomoko. Akishuka Nyamilangano anakuta mzee amekaa barazani kwa fundi cherehani, anamsalimu kwa heshima zote, na mzee anamtazama juu mpaka chini.

"Wewe ni wa nani?"

Hapo shahada haisaidii. Inabidi amtaje baba, na baba asipotosha, babu, na kijiji alikotoka babu alipohama. Mzee anatikisa kichwa, amempata. Kisha anauliza kama ameleta mkate wa Dar.

Ameleta. Ameleta na majani ya chai, na vitenge viwili, na tabia mpya pia. Siku ya tatu anaona kitu kimepungua kwenye wali. Mchele ni mzuri, ni ule ule ambao wafanyabiashara wa Tandale huuandikia kibao cha boksi kwamba umetoka Kahama ili waongeze bei. Lakini miaka mitatu ya Mlimani aliula ukiwa na tui. Siku ya nne analala akiwaza benchi la mama lishe, yale matusi, ule mchuzi wa kuongezewa. Siku ya tano anakwenda jikoni.

"Mama, huku nazi haipatikani?"

Mama anaendelea kutwanga karanga. "Iko Kahama sokoni. Nauli unaijua. Ukirudi utaikuna mwenyewe na kupika mwenyewe, tuone hao Wazaramo wamekufundisha nini."